Gari Limezimwa, Mguu Bado Unakanyaga Breki

Dereva wa lori akiacha kazi, mwili wake haupewi taarifa. Mimi niliteremka kwenye usukani na mgongo mbovu, nikarudi Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kukaa na familia, na usiku mguu wangu wa kulia uliendelea kukanyaga breki chini ya blanketi. Bibi yangu, yaani mke wangu, alihamia upande wa ukuta. Mlango wa jirani ukibamizwa, mabega yangu yanapanda mpaka masikioni kabla sijajua kwamba ni mlango. Nilikuwa nimekaa, lakini sikuwa nimetulia.

Kwa miaka mingi nilipeleka shaba kutoka Lubumbashi hadi bandari ya Dar es Salaam, njia ya karibu kilomita 2000: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, kisha Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi si kuendesha, ni kungoja. Unangoja mpakani, unangoja mizani, unamngoja wakala wa forodha anayesema "niko njiani" tangu jana asubuhi. Foleni inasogea urefu wa gari moja, unawasha, unazima. Mwili umekaa kwenye kiti, na ndani yake kila kitu kinakimbia: karatasi, mazutu (dizeli), ada ya shule, mtoto uliyemwacha na homa. Wenzangu wengi waliitibu hali hiyo kwa bia. Wengine kwa sala, na sala iliwasaidia, sikatai. Mimi pia ni mtu wa kanisa. Baba na mama walikuwa watu wa Jamaa, ile jumuiya ya Wakatoliki iliyoanzishwa na Padri Placide Tempels katika kambi za wachimbaji wa Katanga, na nilikua nikiwaona wakubwa wakikaa jioni nzima juu ya fundisho moja bila haraka. Labda ndiyo maana Ubudha haukunishtua nilipokutana nao.

Nilikutana nao Dar, nikingoja mzigo wa kurudi. Katika mtaa wa Upanga kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Fundi mmoja niliyemzoea alikuwa na kazi ya kutengeneza pampu ya maji pale, akanichukua nimshikie vifaa. Nilikwenda kwa udadisi na kwa kutafuta kivuli, maana Dar ile Desemba si mchezo. Jioni walikuwepo watu wamekaa chini, migongo wima, kimya. Mtawa akaniona nikisitasita na magoti yangu ya dereva. Nilitegemea hekima, nikapewa kiti cha plastiki.

Baadaye nilielewa kwamba kiti kile kilikuwa somo. Katika maandiko yao, Buddha, mwanzilishi wa dini yao, anamwambia mtu aende msituni, au chini ya mti, au penye kibanda kitupu, akunje miguu, anyooshe mgongo. Lakini sababu ya kukunja miguu ni mwili upate msingi usioyumba, basi. Mwenye nyonga zilizokauka kwa kukaa kwenye kabini miaka na miaka akijilazimisha kukunja miguu, atakaa anapigana na magoti mpaka mwisho, na pumzi hataiona. Kiti kisicho na mito, nyayo chini, mgongo hauegemei. Mikono popote inapopumzika. Kijana wa pale ndiye aliyenitafsiria, kwa Kiswahili safi cha Dar ambacho sisi wa Lubumbashi tukijaribu kukisema tunajikwaa.

Fundisho lenyewe linaitwa Anapanasati, kuikumbuka pumzi inapoingia na inapotoka. Lina hatua 16, zimepangwa nne nne, na nne za kwanza ni za mwili. Ukivuta pumzi ndefu, ujue ni ndefu. Ikiwa fupi, ujue ni fupi. Kisha uvute na utoe ukiuhisi mwili wote. Ya nne ndiyo inayosema uutulize mwili.

Ya nne! Nimekaa na jambo hilo kuliko jingine lolote katika mafundisho yao. Sisi tukisikia "kutulia" tunaanza kwa kujiamrisha: tulia, acha kuwaza, legeza mabega. Pale hakuna amri mpaka mambo matatu yamejulikana. Wala haisemwi popote kwamba uirefushe pumzi. Ikiwa leo pumzi yako ni fupi kwa sababu mwenye nyumba amekuja asubuhi kudai, basi ni fupi, na kazi yako ni kujua hivyo. Injini iliyochemka haimwagiwi maji ya baridi, kichwa cha injini kitapasuka. Unaiacha wazi, unaitazama, inapoa. Kwenye simu siku hizi kuna mengi yanayouzwa kwa jina la kutuliza akili, sauti laini na picha za bahari, na kwa maoni yangu wengi wanauza hatua ya nne bila tatu za mwanzo. Inashikilia dakika chache. Halafu mtu anafungua macho, deni liko palepale, na sasa ana hasira kwamba hata kutulia kumemshinda.

Kuhusu hatua ya tatu walimu wao hawasemi neno moja. Wapo wanaosema "mwili wote" ni mwili wa pumzi yenyewe, mwanzo wake, katikati na mwisho. Wapo wanaosema ni mwili huu wa nyama, kuanzia utosini. Mimi nimefuata hawa wa pili, kwa sababu mgongo wangu haukubali kusahauliwa. Ninavuta nikiuhisi, ninatoa nikiuhisi. Siku za mwanzo niligundua kwamba nilikuwa naendesha gari hata kwenye kiti cha plastiki: vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika usukani, meno yamebanana, paja la kulia limekaza. Hakuna aliyeniambia nilegeze. Nilipoliona paja limekaza, likalegea lenyewe. Baada ya pumzi chache likakaza tena, nikaliona tena. Hiyo ndiyo kazi, na nakiri haina utamu wa kusimulia.

Akili ikitoroka sana, wanahesabu pumzi. Mwanachuoni wao Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, anashauri usihesabu chini ya tano wala kupita kumi. Chini ya tano nafasi inabana na akili inajigonga. Ukipita kumi, unaanza kuishi ndani ya hesabu na pumzi unaisahau. Sisi tuliozoea kuhesabu bando za kathodi, yaani mabamba ya shaba, wakati wa kupakia tunajua hilo: unafika mbali kwenye namba bila kuwa umeona bando hata moja.

Huyo huyo Buddhaghosa ndiye aliyeniokoa na hofu moja. Ukikaa vizuri, pumzi inakuwa nyembamba, nyembamba zaidi, mpaka unaitafuta huioni. Mara ya kwanza nilishtuka nikavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetolewa kisimani, na majirani wa mkeka wakageuka. Mtawa alicheka. Akasema kitabu kinajua hali hiyo, na kinamfundisha mtu ajiulize ni nani wasiopumua: mtoto tumboni mwa mama, aliyezama majini, maiti, na wengine wachache waliofika mbali sana katika kutulia. Wewe si mmojawapo, kwa hiyo pumzi ipo, ila wewe bado huna macho ya kuiona. Rudi mahali ulipoigusa mwisho, ngoja hapo. Nimetumia maneno hayo mara nyingi, na kila mara yanaanza kwa kunichekesha, jambo ambalo nalo linalegeza kifua.

Hapa Lubumbashi mahali pa kuigusa pumzi ni tatizo kati ya Mei na Oktoba. Vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sufuria ya bukari (ugali), na pua iliyoziba haifai kuwa kituo cha kitu chochote. Nikahamia tumboni. Ndiyo njia iliyoenezwa na mtawa Mahasi Sayadaw wa Myanmar (1904–1982): unafuata tumbo likipanda, unafuata likishuka, na unalitaja kimoyomoyo, linapanda, linashuka. Kikitokea kingine, nacho unakitaja. Kwangu ilifaa kuliko pua, tena tumbo la dereva si dogo, hukosi cha kufuata.

Kutaja huko ndiko kulikonipatanisha na sauti. Ng'ambo ya ukuta wetu kuna kanisa la uamsho lenye vipaza sauti viwili, na wana mikesha. Upande wa pili kuna kinyozi mwenye grupu (jenereta) inayonguruma umeme ukikatika. Kibanda kitupu cha maandiko hakipo Katuba. Nilikuwa nangoja waondoke, au walale, ndipo nikae. Kwa mtindo wa Mahasi unasema tu: nasikia, nasikia. Sauti inapiga sikio, hiyo ni sehemu moja. Sehemu ya pili ni maneno yangu juu ya mchungaji wao, serikali ya mtaa, na watu wa siku hizi, na sehemu hiyo haitoki kwenye kipaza sauti. Nikiikamata mapema, kelele inabaki kelele. Nisipoikamata, saa nzima inakwisha nikiandika kichwani barua kwa bourgmestre, mkuu wa mtaa wetu.

Usingizi ulinipa taabu zaidi kuliko kelele. Mtu aliyezoea kulala kwa vipande, saa moja hapa na saa mbili pale kwenye foleni, akifumba macho mahali penye kivuli anakwenda. Uzito na usingizi ni kimojawapo cha vizuizi vitano vya kutulia wanavyovihesabu. Vingine ni tamaa, chuki, mahangaiko na majuto, na shaka. Kuna maelekezo ambayo Buddha alimpa mwanafunzi wake mkubwa Moggallana alipokuwa akisinzia, na nilipoyasikia nilidhani mtawa ananitania, maana ni mambo tunayofanya barabarani. Kwanza acha wazo ulilokuwa nalo usingizi ulipokujia. Lisipofaa, kumbuka mafundisho, yakariri kwa sauti. Lisipofaa, vuta ndewe za masikio na usugue viungo vyako. Halafu simama, nawa macho kwa maji, tazama pande zote, inua uso utazame nyota. Jaza akili mwanga, kana kwamba usiku ni mchana. Tembea kwenda na kurudi. Na yote yakishindwa, lala kwa ubavu wa kulia, ukiwa na nia ya kuamka.

Napenda sana hatua hiyo ya mwisho. Hakuna kujisifu humo. Nimewafahamu madereva waliozimaliza zote kasoro hiyo, wakavuta masikio na kunawa macho kutoka Serenje hadi Mpika, na tuliwazika. Kila kijana anayenijia kuhusu kazi hii namweleza maelekezo ya Moggallana, wala sisemi yametoka wapi, asije akayakataa kwa sababu ya dini.

Kuna mahali nilipokuwa mkaidi. Niliona kutembea ni kwa wale walioshindwa kukaa. Wao wanakuhesabu sawa na kukaa: mikao ya mwili ni minne, kutembea, kusimama, kukaa, kulala, na yote ni mahali pa kazi. Unachagua njia fupi iliyonyooka, unatembea hadi mwisho, unasimama, unageuka, unarudi. Unajua mguu unainuka, unasogea, unashuka. Basi. Buddha alitaja faida tano za kutembea hivyo: unakuwa imara kwa safari, unakuwa imara kwa juhudi, unakuwa na afya, chakula ulichokula kinasagika vizuri, na utulivu unaoupata ukitembea unadumu. Nilipoambiwa ya kwanza ni safari, nikaona kwamba mtu huyu alijua watu wa barabara. Mwenyewe alitembea miaka 45 katika bonde la Ganga akifundisha.

Pale mpakani Nakonde nilikuwa natembea kando ya trela, kutoka taa za nyuma hadi kwenye kichwa cha gari. Wenzangu walidhani nalinda matairi. Na ni kweli yalilindwa.

Fundisho jingine la kwao linamzungumzia mtu anayetembea haraka. Anajiuliza: kwa nini natembea haraka? Acha nitembee polepole. Kisha: kwa nini nitembee, acha nisimame. Kwa nini nisimame, acha nikae. Kwa nini nikae, acha nilale. Linatolewa kuelezea mawazo yanavyotulizwa ngazi kwa ngazi, kutoka mkao mgumu kwenda mwepesi, lakini mimi nalifanya kwa miguu kabisa. Siku nikirudi kutoka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nikiwa nimegombana na mtu kuhusu bei ya samaki, sikai. Natembea uani haraka kama hasira inavyotaka, kutoka mwembe hadi lango. Halafu polepole. Nikifika kwenye kiti, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Wajukuu wameshazoea. Mdogo wao aliniuliza siku moja, "Tate, uko unasali ao uko unatafuta kitu?" Nikamwambia vyote.

Nisidanganye kwamba ni mwili peke yake. Mtawa yule hakunifundisha zaidi ya pumzi mpaka tulipozungumza kuhusu amri tano: usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usinywe kileo kinachoharibu akili. Nilimwambia hizo tunazo, hata zaidi, tunazo kumi. Akasema vizuri, basi unazijua. Angalia tu uhusiano wake na kukaa. Kwenye orodha ya vizuizi, mahangaiko na majuto yamefungwa pamoja, yanahesabiwa kizuizi kimoja. Mwili usiotulia na dhamira isiyotulia. Nilidhani wameyaunganisha ili namba itimie tano.

Halafu rafiki yangu mmoja wa barabarani, aliyekuwa akinicheka, aliomba kukaa nami kwenye kivuli cha trela. Kila dereva wa njia ile anajua vijiji ambako mazutu huuzwa kwa dumu usiku, na simsemi mtu. Alikaa vizuri, mgongo wima kuliko wangu. Baada ya muda mfupi akasimama, akapangusa suruali, akasema kila akifumba macho anaona tangi. Sikumuuliza tangi la nani. Siku hiyo niliacha kudhani kwamba wameyaunganisha kwa ajili ya namba.

Nyumbani upinzani ulitoka kwa shemeji yangu, ndugu wa bibi yangu, ambaye ni mchungaji. Alikuja na Mathayo 12, pepo aliyemtoka mtu akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuleta wengine saba. Akasema, "Shemeji, hiyo kufanya akili tupu ndiyo kumfungulia shetani mlango." Hoja hiyo si ya kudharau, na anayeicheka hajawahi kukaa. Nilimjibu kwamba akili ile haiwi tupu, ina kazi muda wote. Kazi gani? Kuijua pumzi. "Hiyo nayo ni kazi?" Nikamwambia ajaribu hadi kumi bila kupotea. Alifika nne, akaanza kunisimulia kuhusu kiwanja cha kanisa lake kule Ruashi.

Hatukukubaliana, na sikumvuta. Sijaacha Misa, sijanyoa kichwa, na sanamu ya Buddha sina. Kuna sehemu za dini yao, kama kuzaliwa tena na tena, ambazo naziacha zilipo. Bibi yangu yeye alipima kwa njia yake: mguu ukapunguza kukanyaga, akarudi katikati ya kitanda, mjadala ukaisha.

Lakini shemeji naye ana mgongo, kwa kusimama mikesha. Mwezi wa sita, wakati asubuhi za Lubumbashi zinauma kwa baridi, alinijia kabla ya chai akauliza kuhusu ile ya kutembea, ile tu, ya kukaa nibaki nayo. Nikamwonyesha: njia fupi, macho chini mbele kidogo, mguu unainuka, unasogea, unashuka, mwishoni unasimama kabla ya kugeuka. Sasa anatembea kwake kati ya kisima na ukuta, Biblia kwapani. Akifika kisimani anasimama, anasema "Amina" kwa sauti, ndipo anageuka. Nikamwambia kule Upanga wanageuka bila kusema neno. Akanijibu kwamba yeye si wa Upanga.